Dadu na Mtu wa Mlangoni

Ndugu zangu, mnawajua vijana wanaocheza hadithi mezani? Mmoja husimulia, wenzake hujifanya watu wa ndani ya hadithi, na wakiwa na shaka hurusha dadu. Dadu ikisema, imesema. Basi walikuwapo watatu na msimulizi wao, mchana wa jua kali, mlango umefungwa.

Kila mmoja alikuja na hadithi zilizomlea. Kijana mmoja alikulia kwenye hadithi za mashujaa wenye mapanga. Kwake kila mlango ni wa kuvunjwa. Mdogo wao alipenda zile ambazo hata zimwi hukaribishwa chai. Lakini binti mwenye nyumba alilelewa na hadithi za giza, ambamo anayekuomba msaada ndiye atakayekumeza. Mchezoni hakufa hata mara moja, kwa sababu hakumwamini mtu, na jambo hilo alilionea fahari.

Msimulizi akasema, "Mko ndani ya nyumba. Nje kuna bibi kizee anaomba maji."

Mara mlango ukagongwa. Mlango wa kweli. Sauti iliyokauka ikaita, "Mwanangu, nifungulie. Maji."

Wakacheka, wakidhani msimulizi amepanga mtu. Yeye hakucheka. "Huyo si wangu," akasema polepole.

Mdogo akainuka afungue. Binti akamshika mkono. "Kaa. Hawa mimi nawajua. Tuiulize dadu kama anasema kweli."

Jamani, mtu anaomba maji, nanyi mnaiuliza dadu? Ikarushwa, ikatoa namba ya chini kabisa. Muongo. Hata shujaa wa mapanga akatulia kitini. Sauti ikaita tena, safari hii kwa jina la utotoni la binti, ambalo pale mezani hakuna aliyelijua. Binti akajivuta nyuma. "Mmesikia?" akanong'ona. "Ndivyo wanavyofanya."

Sauti haikuita tena.

Walipofungua jioni, walimkuta mama yake mzazi, aliyetoka kijijini bila taarifa, homa imemkausha koo. Alikuwa amelala kizingitini, amekwisha kufa, mwili umepoa.

Ndugu, siwaambii mchezo ni dhambi. Nauliza, wewe umelelewa na hadithi gani? Sisi tumelishwa kwamba jirani ni mchawi na mgeni ni mwizi, tukajiita waangalifu. Wangapi wamekufia mlangoni petu, na sisi ndani tunapongezana kwa kutofungua? Binti yule hakuwahi kushindwa mchezo. Siku ile pia alishinda. Mwulizeni alichopata.