Mama Pimbi na Mpango wa Masika Thelathini

Ngano iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imebeba nini?
— Mzigo!
Mzigo wa nani?
— Wa mkubwa, kabebeshwa mdogo!
Haya, sogeeni, nisaidieni kuutua.

Hapo kale, mahali mito miwili inapokutana, palikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Makutano. Mwanzoni ulikuwa mji mdogo, kila mmoja akijua mwenzake anakohoa vipi. Kisha ukame ukaingia bara. Wakaja nyumbu, wakasema wanapita tu. Wakaja punda milia, wakasema wanapita tu. Wakaja nyani na wajomba zao wote, nao wakasema wanapita tu. Hakuna aliyepita. Mji ukajaa. Ukitaka maji ulipanga foleni alfajiri, ukafika mtoni adhuhuri, na ulichokuta kilikuwa tope.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Kiboko, kwa sababu hakuna aliyeweza kumhamisha alipokaa. Katibu wake alikuwa Mamba, aliyezungumza bila kufungua meno.

Na juu ya jabali, upande wa bondeni, aliishi Mama Pimbi. Alikuwa na watoto wanne wa kubeba mgongoni, na mgongo mmoja. Baba yao alichukuliwa na Tai wakati wa vuli, na habari yake iliishia hapo. Pimbi hachimbi shimo na hapandi mti mrefu. Ana ufa wa jabali tu. Ukimwondoa kwenye ufa, umempa Tai chakula.

Siku moja Kunguru akazunguka mji akitangaza kwamba Mwenyekiti ameandaa Mpango Mkuu wa Masika Thelathini. Mpango utaonyesha nani ataishi wapi, njia zitapita wapi na maji yatagawanywa vipi, hata kwa watoto ambao hawajazaliwa. Wananchi wote wanakaribishwa kutoa maoni.

Mama Pimbi alifikiria kutokwenda. Nani akae na watoto? Lakini masika thelathini ni mengi. Hapo ndani wamo wajukuu. Akawasukuma watoto mpaka mwisho wa ufa, akawaambia wasitoe hata pua, akatazama juu, akakimbia.

Utaratibu wa mikutano ya Makutano ulikuwa hivi. Mlangoni kunawekwa bamba la udongo mbichi. Unakanyaga, pwa. Unapewa kipande cha tikiti. Unapita. Unyayo wako unabaki kwenye bamba kuonyesha kwamba ulihudhuria, na bamba likishakauka juani hakuna wa kulibadilisha.

Siku hiyo juu ya bamba palikuwa na maandishi, na Mamba aliyasoma kama anayetafuna nyama. Hakuna aliyesikia. Foleni ilikuwa inasukuma, jua lilikuwa kali, na tikiti lilikuwa linanukia.

Nyumbu, pwa, tikiti, akapita. Nungunungu, pwa, tikiti, akapita. Bi Kanga, jirani yake Mama Pimbi, alikanyaga mara mbili akitumaini kupewa vipande viwili. Mama Pimbi aliwaza watoto, akawaza Tai, akakanyaga. Pwa. Kipande chake alikificha shavuni ili akawagawie wanne.

Ndani, Kiboko alikuwa amechora ramani kwenye mchanga. Nyasi zilikuwa za kijani, njia za kahawia. Twiga aliuliza kama njia zitakuwa pana. Kiboko akasema hayo ni maoni mazuri, wameyachukua. Nyumbu aliuliza kama foleni ya maji itapungua. Kiboko akasema hayo ni maoni mazuri, wameyachukua. Kila jibu lilipigiwa makofi.

Mama Pimbi alikuwa akitazama doa kubwa la buluu upande wa bondeni. Akapanda juu ya mgongo wa Nungunungu, kwa uangalifu, ili aonekane.

"Mwenyekiti, hiyo buluu ni nini?"

"Ni bwawa la umma, mama."

"Naona limefunika jabali letu."

"Maoni mazuri," akasema Kiboko. "Tumeyachukua."

Makofi yakapigwa.

Asubuhi yake Mama Pimbi aliamka akakuta alama ya X kwenye jabali, kubwa, ya udongo mwekundu, bado mbichi. Nyingine ilikuwa kwenye kichaka cha Bi Kanga. Nyingine mlangoni kwa Nungunungu. Kunguru alikuwa juu ya tawi akisema kwamba waliowekewa alama wana siku saba. Baada ya hapo ukingo wa mto utabomolewa na maji yataachiliwa.

Mama Pimbi hakulia, maana watoto walikuwa wanamtazama. Aliwafunika, akatazama juu, akaenda ofisini kwa Mwenyekiti, yaani kwenye maji marefu.

Akasema hakukubali kuhama. Mamba akatoa bamba, sasa limekauka, gumu kama kigae. Safari hii alisoma vizuri kabisa, kila neno: "Sisi tulioweka nyayo zetu hapa tumeusikia Mpango, tumeuelewa na tumeukubali." Chini yake, kati ya kwato za nyumbu na kucha za kanga, kulikuwa na unyayo mdogo laini.

"Huu si wako?" Mamba akauliza.

"Ni wangu. Nilikanyaga kwa ajili ya mahudhurio."

Kiboko alicheka mpaka maji yakapanda ukingoni. "Mama, umeshirikishwa," akasema. "Nenda ukafungashe."

Siku ya kwanza ikapita Mama Pimbi akitafuta jabali lingine. Hakulipata. Siku ya pili akatafuta upande wa pili. Akaona mchanga na anga, na kwenye anga Tai akizunguka polepole, kama asiye na haraka. Akarudi kwenye ufa. Watoto walimuuliza bwawa ni nini. Akawaambia walale.

Siku ya tatu alikwenda tena ofisini kuomba muda. Mamba akamwambia muda umo ndani ya mpango, na mpango umekauka. Mama Pimbi akasimama pale akilitazama lile bamba, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama. Akazipitia nyayo moja moja. Wa Twiga upo. Wa Nyumbu upo. Wa Mamba mwenyewe, kwa utaratibu, upo. Akatafuta unyayo wa Kiboko. Haupo.

Alipokuwa anaondoka, aliona maganda ya tikiti ukingoni, rundo lililofika kiuno cha nyumbu. Ndiyo yaliyobaki ya mkutano. Kiboko alikuwa bado anayalamba.

Aliporudi bondeni aliwaita Bi Kanga, Nungunungu na wengine wote wenye X. Akawaambia ng'ambo ya bonde kuna shamba lililoachwa, lina maboga. Wayabiringishe mpaka hapa, na asionje mtu.

"Hata mbegu?" Bi Kanga akauliza.

"Hata mbegu."

Wakabiringisha. Biringi, biringi, boga la kwanza. Biringi, biringi, boga la pili. Kwa siku mbili walibiringisha maboga na njaa inawauma, na kila boga lilipopita mbele ya Bi Kanga alifumba macho.

Siku ya tano Mama Pimbi akaenda kwa Kiboko, akainama vizuri. Akasema wananchi wa bondeni wameshaelewa faida ya Mpango, na kesho watafanya mkutano wa kuagana. Wanamwomba Mwenyekiti awe mgeni rasmi. Kuna maboga ambayo hawataweza kuhama nayo.

"Mangapi?" Kiboko akauliza.

"Hatujayahesabu, Mwenyekiti. Ni ya wote watakaohudhuria. Atakayekanyaga atakula."

"Mimi nikanyage?"

Mamba akajinyoosha majini. Kwa miaka mingi alikuwa amekitazama kile kiti kwa jicho la pembeni. "Ni utaratibu, Mwenyekiti," akasema. "Uliuweka mwenyewe."

Kiboko akafikiri kidogo, akayafikiria maboga zaidi. "Mgeni rasmi huingia wa kwanza," akasema.

"Ndivyo ilivyo," akasema Mama Pimbi, na akaondoka taratibu.

Siku ya sita, jua la mchana, bamba jipya liliwekwa mlangoni mwa bonde. Maandishi yalikuwa makubwa. Bi Kanga alipewa kazi ya kuyasoma, naye alikuwa na sauti ambayo hata mawe yaliijua. Nungunungu alimwuliza Mama Pimbi kwa nini yasomwe, Kiboko akisikia je? Mama Pimbi akasema wao hawakusomewa. Yeye atasomewa. Lakini alitazama nyuma, kwenye ufa wake. Kiboko akisikia, ataukanyaga ufa na waliomo, hatasubiri hata siku ya saba.

Kiboko akaja. Gudu, gudu, gudu. Ardhi ikatikisika, na kutoka ndani ya jabali mtoto mmoja wa Pimbi akalia kidogo, kisha akanyamaza. Mamba alimfuata nyuma. Mji mzima ulikuwa umekuja kutazama.

Bi Kanga akaanza kusoma. Wakati huohuo Nungunungu akapasua boga la kwanza. Kacha! Harufu ikatoka. Masikio ya Kiboko yakageukia boga.

Bi Kanga alisoma mara ya kwanza. Kiboko akauliza kama yote ni matamu hivyo. Bi Kanga alisoma mara ya pili. Kiboko akamwambia aache kelele, hii ni shughuli ya chakula. Bi Kanga akasoma mara ya tatu, na Kiboko akaweka mguu kwenye bamba.

Pwaa!

Udongo ukaruka mpaka kwenye meno ya Mamba.

Kiboko akaingia kwenye maboga. Kacha, nyamu. Kacha, nyamu. Wenye X walisimama kwenye foleni nje ya mlango, njaa imewafika kooni. Bi Kanga akainua mguu juu ya bamba bila kujua anaunyanyua. Mama Pimbi akamshika bawa.

"Yamebaki matatu," Bi Kanga akanong'ona.

"Yaache."

"Na akituachia?"

Hilo ndilo lililomnyima Mama Pimbi usingizi tangu siku ya tatu. Akiacha hata boga moja, atawaita waliopanga foleni. Wakikanyaga wataangamia naye. Wakikataa kula na njaa ile, Kiboko atauliza kuna nini.

Kiboko akafika kwenye boga la mwisho. Akalitazama. Akaitazama foleni, watoto wa Bi Kanga, mbavu za Nungunungu. Akalitazama tena boga.

Kacha. Nyamu.

Mama Pimbi akavuta pumzi, ya kwanza tangu asubuhi. Jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Bamba lilikuwa limeanza kukauka. Akamwomba Katibu asome.

Mamba alisoma bila kutafuna hata neno moja. "Sisi tulioweka nyayo zetu hapa tumekubali kuhama Makutano kabla ya jua la kesho kutua, kwenda Ziwa la Magadi ng'ambo ya vilima, na kuwaachia bonde wanaokaa bondeni." Kisha akatazama chini. "Unyayo ni mmoja."

"Sikusikia," akasema Kiboko.

"Umesomewa mara tatu," wakasema nyumbu. "Sisi tulio huku nyuma tumesikia."

Kiboko akasimama. Kivuli chake kilimfunika Mama Pimbi na jabali lake lote. Akanyanyua mguu kulisaga lile bamba. Mama Pimbi hakukimbia. Mlango wa ufa ulikuwa nyuma yake. Mguu ukashuka, pwaa, ukaingia mlemle ulimoingia mwanzo.

Mamba akainama akatazama. "Sasa umekubali mara mbili," akasema.

Kiboko akazungusha macho kuwatafuta watu wake. Twiga alikuwa anatazama mawingu. Nyani walikuwa wanatoana chawa.

"Mimi ndiye Mwenyekiti," akasema, kwa sauti ndogo kuliko tumbo lake.

"Tunajua," akasema Mama Pimbi. "Nawe umeshirikishwa."

Kesho yake, jua halijatua, Kiboko alipanda vilima. Gudu, gudu, mpaka asisikike. Ukingo wa mto haukubomolewa. Mama Pimbi alianza kukwangua ile X kwa makucha yake mafupi, kwaru, kwaru. Wekundu ukapungua. Haukuisha.

Siku ya tatu baada ya hapo Kunguru akazunguka tena. Akatangaza kwamba Mwenyekiti mpya, Ndugu Mamba, ameupitia Mpango Mkuu wa Masika Thelathini na kuuboresha. Wananchi wote wanakaribishwa kutoa maoni. Kuna matikiti.

Mama Pimbi aliposhuka jabalini, foleni ilikuwa imeshafika kwenye njia ya maji. Bi Kanga alikuwa wa kwanza, mguu tayari. Mama Pimbi akapita pembeni mpaka mbele, akainamia bamba, akaanza kusoma maandishi ya juu, polepole, neno moja moja.

"Mama, unatuchelewesha," wakasema waliokuwa nyuma.

Akaendelea kusoma.

Funzo la ngano hii ni hili, watoto: mkiitwa mkutanoni, wahini. Kanyageni, kuleni tikiti lenu, pigeni makofi yanapopigwa, mrudi nyumbani. Ya kusoma waachieni wasio na kazi. Mji utapangika tu.

Mzigo nimeutua.
— Umetua!
Ngano imetoka.
— Itoke salama!
Na wewe uliye karibu na mlango, ufunge. Angalia tu usikanyage tope.