Ndoano ya Watu Saba

Nipeni maji kwanza. Kisha mnisikilize kabla kivuli cha kisima hakijafika kwenye lile jiwe jeupe, maana kikifika pale nami nimechelewa. Nyinyi ni wapita njia, hamna ndugu mtaani kwetu, ndiyo sababu nimewachagua. Mwishoni nitawauliza neno moja, na atakayenijibu haraka nitajua hakusikiliza.

Mtaa wetu wa Bondeni una watu wanne wenye vipaji. Wa kwanza, Sikudhani, ana macho. Anasuka ukili, na akiutazama mara moja anakuonyesha mstari utakaoharibika kabla haujaharibika. Pazi ana hesabu. Mwambie vitu vimekaaje leo, atakuambia vitakaaje kesho na kesho kutwa, na hakosei, na kwa hiyo hana marafiki. Mwamvita ana moyo. Najua, kila hadithi ina mtu mwenye moyo, lakini huyu anao kweli, ndiyo maana hayupo hapa kunisahihisha. Wa nne ni mumewe, Kibwana. Yeye ana miguu. Mnacheka? Kibwana ukimwambia simama hapa, anasimama, iwe mvua, iwe jua, iwe siafu wanampanda mapajani.

Sasa mjue na uwanja. Jumbe wetu ana uwanja wa mchanga uliochorwa miraba, na kila mavuno anatupigia ngoma. Sheria zake hata mtoto anazijua. Ngoma ikilia, kila aliyesimama anahesabu walio kwenye miraba minane inayomzunguka. Akiwa na jirani wawili au watatu, anabaki. Akipungukiwa hapo, anaanguka kwa upweke. Wakizidi watatu, anaanguka kwa msongamano. Na mraba mtupu uliozungukwa na watu watatu kamili unaita mtu: aliye mbele kwenye mstari wa pembeni, kila upande na mstari wake, anaingia na kusimama. Jumbe hupenda kusema kwamba uwanja hauna upendeleo, haujui maskini wala tajiri.

Uwongo mtupu. Askari wake wakianguka wanakwenda kivulini kunywa togwa. Sisi tukianguka tunapelekwa magadini, kwenye shimo linalokula nyayo na macho, na waliorudi kutoka huko nawahesabu kwa mkono huu mmoja.

Silaha yake ni Mtembezi. Ni askari watano waliojipanga kwa namna yao. Ngoma zinalia, wengine wanaanguka, wengine wanaingia, na kila ngoma ya nne umbo lao liko vilevile, ila limesogea mraba mmoja kwa mshazari. Halikimbii, halipigi kelele, linakuja tu. Sisi wa Bondeni huwekwa pembe ya chini, na kila mwaka Mtembezi alitufikia akatusambaratisha. Mwaka jana walianguka ishirini na wawili. Kati yao alikuwemo Heri, mwana wa pekee wa Sikudhani, na baba wa Pazi, mzee ambaye hata kwenda kuteka maji alishikwa mkono.

Baada ya hapo Jumbe, tumbo limejaa, akatangaza kwamba mtaa utakaomzuia Mtembezi, na umbo la watu wake likabaki kama lilivyoingia, utarudishiwa mtu mmoja kutoka magadini. Mmoja. Msidhani ilikuwa huruma. Aliahidi kwa sababu alikuwa na hakika haiwezekani.

Sikudhani aliacha kusuka. Miezi mitatu alikaa chini na kokoto, anazipanga, anapiga ngoma kwa ulimi, anazipangua. Tulisema kunyang'anywa mwana kumemgeuza akili, na tulikuwa tunampelekea uji kama mgonjwa. Siku moja alituita akatuonyesha kokoto saba zilizokaa kama ndoano. Akapiga ngoma kumi, ishirini, thelathini. Hazikuongezeka, hazikupungua, hazikuhama. Kisha akamleta Mtembezi wa kokoto tano. Mtembezi akafika kinywani mwa ndoano, akamezwa, na ndoano ikabaki vilevile. Wallahi nililia.

Pazi hakulia. Alizichukua zile kokoto akaenda nazo kwake, na alipotoka alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, ndoano inameza upande mmoja tu, na kwa wakati mmoja tu. Ikikaa mraba mmoja kando ya njia ya Mtembezi, wote saba wanaanguka. Yeye alijua ikae wapi hasa, na bila yeye tungesimama pale kama kuku waliojileta wenyewe kwenye kisu.

Habari ya pili aliisema akiwa ameinamia mikono yake. "Ndoano itammeza, lakini naye ataiuma. Wa nchani ataanguka. Ngoma inayofuata mraba wake utakuwa na jirani watatu, utaita mtu, na ndoano itatimia tena."

Mmoja wetu akamwuliza wa nchani ataanguka kwenda wapi. Pazi akamjibu kwamba waangukao wote huenda mahali pamoja.

Tulikuwa tumeshachaguliwa saba, ila ncha haikuwa na mtu. Mimi ni wa tatu kutoka nchani. Nawaambieni nilichofanya: nilitazama vidole vyangu vya miguu. Wengine nao walikuwa na vidole vya kutazama. Sikudhani hakuweza kusimama, magoti yake yamekwisha kwa kukaa na kokoto. Pazi ilibidi awe pembeni kutupanga. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri, na sababu nzuri ndizo chungu kuliko mbaya.

Mwamvita akasema, "Nipeni mimi ncha. Sina mtoto atakayelia, sina mtu magadini wa kumngoja." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe Kibwana, kaa mbele ya mstari. Sitaki mgeni asimame pangu."

Kibwana alijibu kwamba amesikia. Hakusema amekubali.

Haya yote yameisha leo asubuhi, wageni wangu. Mchanga bado uko kwenye nywele zangu. Pazi alitupanga, akaturudisha nyuma mraba mmoja, akatusogeza kushoto, watu wa mitaa mingine wakatuzomea kwamba tunacheza kombolela. Ngoma zikaanza. Mtembezi akashuka kwa mshazari, nami nikaona meno ya askari wa mbele, alikuwa anatabasamu. Ngoma moja, akatugusa. Ngoma ya pili, Mwamvita akahesabu jirani zake, akajua, akaketi chini taratibu kama mtu anayekaa kula. Askari wakamnyanyua kwa makwapa. Alimtazama Kibwana tu, naye alikuwa pale mbele ya mstari kama alivyoagizwa.

Kibwana alikuwa na pumzi moja baina ya ngoma na ngoma. Angetaka kumkimbilia mkewe, zilikuwa hatua nne. Mraba ungebaki mtupu, ndoano ingefumuka, na sisi sita tungemfuata Mwamvita mpaka wa mwisho. Mchanga ulikuwa na alama za visigino vya Mwamvita. Ngoma ikalia, Kibwana akaingia, akaweka miguu yake juu ya alama zile.

Tulipotazama tena, hakukuwa na askari hata mmoja uwanjani. Tulikuwa saba, ndoano ileile.

Jumbe aliteremka mwenyewe. Akatuhesabu kwa fimbo, akituelekezea mmoja mmoja, kisha akawaambia watu, "Waliingia saba, wamesimama saba. Sioni aliyepotea." Na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Mikono ilikwenda yenyewe, na tangu hapo naitazama kama si yangu.

Akatimiza ahadi, kwa namna yake. Mtu mmoja atarudi, Bondeni wachague nani kabla jua halijatua, wakishindwa basi ahadi imekufa. Tena akaongeza kwamba ndoano imempendeza, na kuanzia mwakani itasimama kila mavuno. Mmeelewa maana yake? Zamani tulipoteza ishirini na zaidi. Sasa tutapoteza mmoja kila mwaka, na umbo halitabadilika kamwe, na kila mwaka yule mtu atasema haoni aliyepotea.

Tulikutana barazani, na Sikudhani akaleta vikapu vitatu vya kupigia kura, akaviweka chini. Alisema yeye ndiye aliyeiona ndoano wakati sote tukimwita kichaa, na kwamba Heri hajafika hata umri wa kuota ndevu. Pazi alisema ndoano bila mahali pa kuiweka ni kokoto tu, na baba yake hatafikia mavuno yajayo, wengine labda watafikia. Aliongeza kwamba yeye ndiye aliyelazimika kuisema ile habari ya pili, na tangu siku ile hajalala.

Kibwana hakuja barazani. Bado yuko uwanjani, kwenye mraba ule, na kila aliyekwenda kumwita amerudi peke yake. Mimi nilimfuata. Nilimwambia aje ajitetee, mkewe hana mdomo hapa isipokuwa wake. Alinijibu bila kugeuka.

"Mkimrudisha, mkimwacha, mwakani nchani nitasimama mimi. Waambie wasiniweke kwenye maneno yao."

Kikapu chake kikawekwa hivyo hivyo, bila yeye.

Tukapiga kura kwa kokoto. Wenye watoto walikwenda kwa Sikudhani. Wenye wazee walikwenda kwa Pazi. Wengine, wengi wao wakitokwa na machozi, walikwenda kwenye kikapu cha Kibwana. Zikamwagwa, zikahesabiwa, zikarudiwa: kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Imebaki moja, ya mtu aliyeomba ruhusa kwenda kunywa maji.

Kokoto yenyewe hii hapa. Imelowa jasho. Nikimpa Sikudhani, nimemlipa aliyenionyesha pa kusimama hai, na mtoto atarudi kwa mama. Nikimpa Pazi, mzee atakufa kitandani kwake badala ya shimoni. Nikimpa Kibwana, atarudi yule aliyechukua ncha huku mimi nikitazama vidole vyangu. Lakini mwakani mumewe ataketi kwenye mchanga uleule, na Mwamvita atakuwa ndiye wa kutazama. Na katika wale wawili watakaokosa, angalau mmoja atakuwa jirani yangu mpaka nife.

Kivuli kimefika kwenye jiwe. Hakuna atakayemcheka mwenye kujibu akikosea, nami sitamtaja. Wewe uliyekaa kimya tangu nianze, shika kokoto hii, ionje uzito wake. Ungeitia kikapu cha nani?