Kindi na Amri ya Msuko Mmoja

Hapo zamani za kale, kabla barua hazijajifunza kuruka hewani, wanyama waliandikiana kwenye miyaa. Mnaijua miyaa? Yale majani ya mkindu yaliyochanwa, yanayosukiwa mikeka. Basi, mwenye barua aliandika maneno yake kwenye miyaa, kisha akaisuka ikawa kikapu kidogo cha kutosha yai moja.

Ukikifumua kikapu kwa mpango wake, maneno yanajipanga mstari mmoja mzuri. Ukikikata, au ukivuta ovyoovyo, unabaki na takataka mkononi. Na kila nyumba ilikuwa na msuko wake, uliofundishwa na bibi, na haukuonyeshwa kwa mtu ila yule tu anayeandikiwa.

Mwenye kubeba vikapu hivyo alikuwa Kindi. Mdogo! Ukimkunja anaenea kwenye kiganja. Lakini mbio? Chapu chapu chapu, huyo juu ya mti, huyo keshashuka upande wa pili, huyo mlangoni kwa mtu, "Hodi!"

"Kindi, barua hii inasemaje?" wadaku walimuuliza.

"Sijui. Mimi ni miguu tu. Maneno ni ya wenyewe."

Na kweli hakujua, maana hakujua msuko wa nyumba yoyote ila ya mama yake. Mimi nampenda Kindi kwa hilo kabla hata sijafika kwenye ujanja wake.

Siku moja Mama Kanga alimwita pembeni, akampa kikapu.

"Mwanangu, kipeleke kwa shoga yangu Kwale. Nimemwandikia mahali nilipoficha mayai yangu, aje anisaidie kuatamia. Yako kumi na mawili. Unajua nimeshapoteza viota viwili mwaka huu."

"Najua, Mama Kanga."

"Na unajua nani aliyekula."

"Najua pia," alisema Kindi. "Kikapu chako kitafika kama kilivyo. Nakupa neno langu."

Akakitia kwenye mkoba pamoja na vikapu vingine vya wiki ile, akaondoka mbio. Hakufika mbali. Kwenye njia panda alisimama Fisi, mkuu wa polisi, kifua mbele, mkanda umekaza tumbo mpaka linamwagika juu na chini.

"Simama hapo!"

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Fungua mkoba. Nataka kikapu cha Kanga."

"Una hati ya Mfalme, Afande?" Kindi aliuliza kwa adabu. "Hati ya kikapu kimoja, cha nyumba moja, kwa kosa linalojulikana. Ukinionyesha, nitakupeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Mama Kanga, akifumue mbele yako."

"Hati!" Fisi akacheka, kwi kwi kwi kwi! "Mimi ndiye sheria, wewe panya wa mitini! Na asiye na hatia ana nini cha kuficha?"

Akaupokonya mkoba. Hakukata kikapu, maana wiki iliyopita alikuwa ameikata barua ya Swala, akaambulia maneno kama "mbe, tu, leo, mkia, hapana". Alichofanya ni kuchovya kidole kwenye udongo mwekundu akakitia kikapu cha Kanga alama, kisije kikabadilishwa. Kisha akaubeba mkoba mzima hadi kwa Mfalme, Kindi nyuma yake roho mkononi.

Mfalme Simba alikuwa amelala kiubavu, shavu la kulia limelalia kiganja. Siku ile hakunguruma. Alisema kwa mdomo uliofumbwa nusu.

"Nini?"

"Mtukufu Mfalme!" Fisi akapiga saluti. "Kila wiki nyama yako iliyokaushwa inaibwa ghalani. Mwizi ni nani? Hatujui! Kwa nini hatujui? Kwa sababu wezi wanapanga mambo yao humu, kwenye vikapu, na kila nyumba ina msuko wake! Toa amri, Mfalme. Nchi nzima isuke msuko mmoja, nitakaoufundisha mimi. Nikitaka kujua jambo, nafumua mara moja!"

Simba akapapasa shavu. "Kindi, unasemaje?"

Kindi alitaka kusema hapana. Alitaka kupiga kelele, hata. Lakini aliona jinsi Mfalme alivyotamani maneno yaishe arudi kulala, na aliona ulimi wa Fisi ukipita kwenye alama ile ya udongo mwekundu. Akainama hadi masharubu yakagusa sakafu.

"Naona ni amri nzuri sana, Mfalme."

Fisi akashangaa. "Eti?"

"Nzuri mno. Naomba tu kuielewa vizuri, nisije nikakosea. Inahusu nyumba zote?"

"Zote!" alidakia Fisi.

"Bila kubagua mkubwa wala mdogo?"

"Asiye na hatia ana nini cha kuficha?" Fisi akavimba. "Zote!"

"Basi tuanze na barua hizi zilizomo humu. Nizirudishe kwa waliozisuka, wazisuke upya kwa msuko wako, maneno yaleyale, miyaa ileile. Siku ya Ijumaa tuzilete barazani tukazirundike, na Afande azifumue mbele ya watu wote. Nchi nzima ione kazi yake."

Mbele ya watu wote! Fisi alijiona amesimama katikati, makofi yanapigwa, wake za watu wananong'ona, "Ndiye yule." Masikio yakamsimama. "Mfalme, huyu mdogo ana akili!"

"Hmm," alisema Simba, na hiyo ndiyo ikawa amri.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katika nchi ile wakubwa walikuwa hawasuki. Walisukiwa. Mkubwa alikaa kwenye kiti akasema maneno, na wa nyumbani mwake ndiye aliyeandika, akasuka, akampa Kindi. Kikapu kikishatoka mlangoni, mkubwa amekisahau. Kwa hiyo Kindi alipozunguka na mkoba wake, hakumrudishia Mfalme kikapu chake. Alimrudishia Bi Simba. Wala hakumrudishia Fisi cha kwake. Alimrudishia Bi Fisi, mwanamke mtiifu wa sheria kuliko mumewe.

"Msuko mpya, Bi Fisi. Amri ya bwana wako mwenyewe."

"Ooh, hasemi kitu nyumbani huyu! Ngoja nisuke sasa hivi, asije akaaibishwa."

Mama Kanga alilia alipoona alama ya udongo. "Kindi, ulinipa neno lako!"

"Na bado ni lako," alisema Kindi. Lakini njiani hakuwa na uhakika. Hakujua kilichoandikwa kwenye kikapu chochote. Alichojua ni kinakokwenda tu, na juu ya hilo ndipo alipoweka mayai kumi na mawili ya watu.

Ijumaa ikafika. Baraza likajaa hadi Twiga akaambiwa akae chini, wa nyuma nao waone. Kindi akamimina vikapu, puu! Cha Kanga kikawa chini kabisa. Vyote msuko mmoja, vyote sawasawa, ila kwenye kitako cha kila kimoja kulikuwa na jina la anayepelekewa.

"Anza na chochote, Afande," alisema Kindi. "Hiki cha juu kimekaa vizuri."

Fisi akakinyakua bila hata kutazama kitako. Paruru! Miyaa ikafumuka, maneno yakajipanga. Akajikohoza, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi mtoni.

"'Kwa Ndezi, mganga wa meno. Ndugu yangu, chonge langu la kulia limeoza. Siku nane sijatafuna kitu. Nalishwa uji kwa kijiko.'"

Fisi akaangua kicheko. "Uji! Kwi kwi kwi! Jitu zima na chonge lake linalishwa uji! 'Nikipiga mwayo nalia machozi. Nakuomba uje kwa siri, maana wakijua kwamba mimi—'"

"SIMAMA!"

Ilikuwa ngurumo, lakini ilikatikia katikati. Simba akashika shavu, "Aaauu!" Machozi yakamlengalenga.

Twiga akatazama mawinguni. Nyati akagundua kwato zake zina uchafu, akaanza kuzikagua moja moja. Hakuna aliyecheka, na hapo niseme wazi kwamba wanyama wale walikuwa na heshima zao.

Fisi akatazama shavu la Mfalme, akatazama miyaa, akatazama tena shavu.

"Mfalme, mimi... mimi nilidhani ni barua ya mtu mdogo."

"Nilitoa amri hii nikiwa na maumivu," alisema Simba polepole. "Sasa ninayo zaidi."

Kindi akajongea mbele, mkia chini. "Mtukufu, niseme?"

"Sema."

"Nimebeba kikapu hicho na vingine kama hicho siku nyingi. Sikujua neno hata moja lililomo, na nisingejua hadi nakufa. Aliyekufumua si mwizi wako, wala si adui yako. Ni polisi wako, mchana, kwa amri yako." Akainua kikapu kingine. "Lakini amri ni amri. Afande aendelee. Hiki kinakwenda kwa shemeji fulani ng'ambo ya mto. Huenda kila wiki, wala sijawahi kuuliza."

Fisi akakitazama vizuri. Aliutambua mkono wa mkewe.

"Hicho hapana!"

"Kwa nini, Afande?"

"Hicho ni... ni mambo ya nyumbani. Ya faragha!"

"Faragha!" Mama Kanga aliruka juu ya benchi, woga wote umemtoka. "Lo! Leo umelijua neno hilo?"

"Asiye na hatia ana nini cha kuficha?" aliuliza Kindi taratibu, na baraza zima likarudia, wakubwa kwa wadogo, "Ana nini cha kuficha?"

"Kifumue," alisema Simba.

Fisi akakichukua. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kisha, jamani, akakitia mdomoni! Gwagwagwa, gwagwagwa, akatafuna miyaa na maneno na kila kitu, akameza, macho yakamtoka. Mwaa mmoja ukabaki ukining'inia mdomoni.

Watu wakashika mbavu. Hata Simba alitaka kucheka, jino likamkataza.

"Kindi," alisema Mfalme, "barua ile ilisemaje?"

Na hapa ndipo napenda kumvulia kofia yule mdogo. Angeweza kutunga lolote, na wangemwamini.

"Sijui, Mfalme," alijibu. "Ni kati yake na tumbo lake. Hata Fisi nilimbebea barua zake kwa uaminifu."

Simba akapapasa shavu tena. "Na mwizi wangu? Nitampataje, kama sisomi barua za watu?"

"Mwizi huyo haibi kwa barua. Anaingia kwa miguu. Mwaga majivu mlangoni pa ghala, kisha utazame chini. Ukimjua, mwandikie hati yeye peke yake, nami nitakupeleka hadi kwake."

Majivu yakamwagwa. Siku ya pili yake asubuhi palionekana nyayo, kubwa mbele, ndogo nyuma, zinaingia ghalani nyepesi na kutoka nzito. Hazikwenda ng'ambo ya mto. Zilikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya mkuu wa polisi, ambako Bi Fisi, mtiifu wa sheria, aliposomewa hati alifungua mlango wote, akaonyesha chungu kilichojaa nyama iliyokaushwa.

"Aliniambia anapewa kazini!" alisema, akaketi chini akalia.

Fisi alivuliwa mkanda. Ndiyo maana hadi leo anatembea kama mtu anayeshikilia suruali. Ndezi akaitwa ikulu mchana kweupe, jino likang'olewa, na ngurumo aliyopiga Mfalme siku ile ilidondosha matunda. Amri ya Msuko Mmoja ikafutwa, kila nyumba ikarudia msuko wa bibi yake.

Na Kindi? Alikuwa ameshachukua kikapu chenye alama ya udongo mwekundu, Mama Kanga akakisuka upya kwa mkono wake, na yeye akakipeleka mbio, chapu chapu chapu, hadi kwa Kwale. Hodi! Kwale akakifumua, akasoma, akafunga kanga kiunoni akatoka bila kusema anakwenda wapi.

Baada ya wiki tatu na siku kadhaa Kindi alikuwa akipita kwenye majani marefu alipozungukwa na vifaranga kumi na viwili, pyo pyo pyo pyo.

"Kumbe mlikuwa hapa," alisema, na akacheka peke yake kwa furaha. Ndiyo kwanza ajue.

Basi wanangu, likumbukeni hili: atakaye kufumua vikapu vya watu wote, aanze kwa kufumua cha kwake.