Nge Anayemlinda Bikira Angani

Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana huko mbele hapana nafasi.

Kulikuwa na zamani ambapo nge hakuwa na rafiki, si duniani wala mbinguni. Duniani alizaa watoto wake mchangani akaenda zake, kama mtu aliyesahau kofia kilabuni. Mbinguni alikuwa na nyota zake, tena nyingi na nzuri, lakini hakuna aliyemtaja bila kutema mate. Leo mambo yamegeuka. Na aliyeyageuza hakuwa nabii wala mfalme. Alikuwa msichana wa kufagia, domo kaya, aliyetoroka darasani.

Jina lake Tasheri, wa kijiji cha Pashnai, huko Misri ya juu, pale mto unapopinda na mashamba kuwa membamba kama mkanda. Pashnai palikuwa na hekalu la mawe, lililojengwa na wazee wa wazee wao wakati walipomwabudu Isi, yule mama mungu, pamoja na mwanawe Hori. Kisha ikaja imani mpya. Watu wakabatizwa, wakalifagia hekalu, wakaweka madhabahu na msalaba, likawa kanisa. Kitu kimoja tu hawakukigusa, nacho ni dari.

Darini wazee walikuwa wamechonga duara ya buruji kumi na mbili, yale makundi ya nyota ambayo jua huyazungukia mwaka mzima: samaki, kondoo, ng'ombe, simba, bikira mwenye shuke la ngano mkononi, na wenzao. Asubuhi jua liliingia kwa tundu la ukutani, likapiga beseni la maji lililowekwa sakafuni, na mwanga ukarukia juu. Sura iliyoangazwa ndiyo iliyowaambia wakulima mwezi gani umefika. Mwanga ukimfikia simba, mto umefura. Ukimfikia nge, ngano ipandwe, na asiyepanda siku hizo atakula majani na mbuzi wake. Pashnai hapakuwa na kalenda nyingine.

Tasheri ndiye aliyeitunza dari hiyo. Alipanda ngazi na ufagio wa makuti wenye mpini mrefu, akaondoa masizi ya taa, viota vya nyigu na mavi ya popo. Alikuwa na miaka ishirini, mikono ya chuma, na mdomo ambao ungeweza kuwauzia watu maji wakiwa wamesimama mtoni. Shemasi Bisa, mzee mpole aliyelinda kanisa, alimfundisha kusoma kwa miezi minne. Mwezi wa tano Tasheri akaaga. Alisema herufi alizokwisha pata zinamtosha, zilizobaki wapewe wenye shida.

Basi asubuhi moja akafika mkaguzi kutoka kwa askofu, Aba Kolutho, mtu mrefu mwenye nyusi kama paa la nyumba. Nyuma yake alikuja fundi mwashi, na nyuma ya fundi punda aliyebeba nyundo na patasi. Kazi yao ilikuwa kupita kanisa hadi kanisa wakivunja sanamu za kale. Aba Kolutho akaingia, akapiga ishara ya msalaba, akainua macho. Nyusi nazo zikainuka.

"Nani kawaruhusu kusali chini ya wanyama?" akauliza.

Wanakijiji walikuwa wamejaa mlangoni. Shemasi Bisa alikuwa akitazama viatu vyake kana kwamba amevivaa leo. Mtu wa busara angenyamaza pia, akatafuta neno la adabu. Tasheri alikuwa juu ya ngazi na ufagio wake, na busara ilikuwa imebaki chini.

"Wanyama wapi, Aba? Hao ni watu wetu wa Kitabuni. Mafundi waliwachora kwa mafumbo tu."

"Wote?"

"Wote kumi na wawili. Nitakutajia mmoja mmoja. Nikishindwa hata mmoja, vunja dari nzima, nami nitakushikia ngazi."

Mlangoni watu waliguna kama ng'ombe mmoja. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu, katuuza!" Tasheri mwenyewe ndiyo kwanza akasikia alichosema. Alijua majina ya wanne, labda watano. Lakini Aba Kolutho alikuwa ameshavuta kigoda.

"Haya, binti. Taja."

Akaanza na walio rahisi. Kondoo ni Mwana-Kondoo, nani asiyejua? Ng'ombe ndiye aliyempumulia mtoto joto kule zizini. Mapacha ni Toma, aliyeitwa Pacha na Kitabu chenyewe. Simba ni Marko. Bikira hakuhitaji hata kutajwa, watu wote walikuwa wakimpungia mkono tangu utoto. Mizani ni ya Mathayo, mtoza ushuru. Samaki wawili ni Petro na nduguye Andrea. Mwenye mtungi wa maji ni Yohana Mbatizaji. Kila jina lililopita, mlango ulishusha pumzi.

"Kaa?" akauliza Aba Kolutho.

"Nikodemo. Si alimjia Bwana kwa kificho, upande upande, asionekane?"

"Na huyu mbuzi mwenye mkia wa samaki?"

"Yona, Aba. Nusu amekwisha mezwa."

"Yona alikuwa mbuzi?"

"Alikuwa mkaidi."

Fundi akakohoa kicheko ndani ya kiganja. Aba Kolutho hakucheka, lakini hakukataa. Akanyoosha kidole kwa yule mpiga upinde, mwenye kiwiliwili cha mtu na miguu ya farasi.

"Yule akida wa Kapernaumu, aliyeombea mtumishi wake," akasema Tasheri.

"Ana miguu minne."

"Alikuja mbio."

Hapo hata mkaguzi alilazimika kufuta midomo kwa mkono. Kumi na mmoja wamepita. Tasheri alikuwa ameruka ruka kwa makusudi, huku na kule, akimwacha mmoja kama mtu anavyoacha jiwe kwenye sahani ya dengu. Sasa sahani ilikuwa tupu na jiwe limebaki. Nge. Alitafuta kichwani, akapekua hadithi zote alizozisikia kabla hajaaga shule, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani angekaa mwezi wa tano.

Shemasi Bisa akamwona anavyotokwa jasho. Alimpenda binti huyo, licha ya yote, akaamua kumwokoa.

"Ni Yuda, Aba!" akapaza sauti, uso ukimng'aa. "Nge ni Yuda, yule msaliti!"

Aba Kolutho akasimama. "Msaliti hakai juu ya madhabahu. Fundi, panda, mtoe huyo kwanza. Kisha toa wote, kama binti alivyoahidi."

Watu walitazama beseni la maji lililokuwa sakafuni, wakahesabu miezi. Shemasi alikaa chini pale pale, mikono kichwani. Tasheri alishuka. Na kwa kuwa alikuwa na majivuno yake, hata yale ya kushindwa, alishika ngazi kama alivyosema.

Fundi akapanda. Akaweka patasi kwenye ufa uliopita kando ya mkia wa nge wa jiwe, akainua nyundo, akabaki hivyo, mkono hewani.

"Aba," akasema, "kuna nge hapa."

"Ndiyo. Ndiye huyo umpige."

"Nge wa kweli, Aba. Ndani ya ufa. Na mgongoni..." Akainama karibu. "Mgongoni kabeba watoto. Wamejaa. Weupe kama punje za mchele."

Tasheri alikuwa amefagia nge wengi katika kazi yake, wala hakuwahi kumtazama hata mmoja mgongoni. Alipanda nyuma ya fundi, akanyoosha shingo kando yake, akaona. Mama nge alikuwa amesimama mbele ya patasi, mkia juu. Hakukimbia. Watoto walikuwa wameng'ang'ania mgongo wake kama wanaovuka mto. Na hapo sauti ya bibi yake, aliyekufa zamani, ikamjia sikioni ikiwa nzima, pamoja na harufu ya vitunguu iliyokuwa ikimfuata. Bibi alikuwa akisimulia jinsi Isi alivyokimbia na mtoto wake, akajificha matetini, na jinsi nge walivyomsindikiza njiani.

"Fundi," akasema, "unaitwa nani?"

"Horsiesi."

"Maana yake Hori mwana wa Isi. Umebeba mungu wa wazee mpaka ndani ya maji ya ubatizo, na hakuna aliyekuwekea patasi wewe."

Mlangoni vicheko vikalipuka, ingawa vya kutetemeka. Horsiesi akashusha nyundo, akajikuna shingo.

"Binti," akasema Aba Kolutho, "nge ni nani? Hii ni mara ya mwisho nauliza."

Tasheri akashuka, akasimama katikati ya kanisa. Safari hii hakupayuka.

Akasema kwamba Herode alipotaka kumuua mtoto, Mariamu alikimbilia Misri, hapa hapa kwetu, na hilo Kitabu kinasema. Yusufu alitangulia na punda kutafuta njia. Mariamu alifuata, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitambaa. Wakafika kwenye matete, akachoka, akakaa. Karibu naye palikuwa na nge mwenye mimba, ambaye siku zote alizaa na kuacha. Nge akamtazama mama huyo. Akaona alivyolala kwa tumbo ili asimlalie mtoto, akaona alivyoamka kila mtoto alipopumua vibaya. Nge hakuwahi kuona jambo kama hilo.

Asubuhi akatokea askari wa Herode juu ya farasi, upinde mkononi. Akamwona mama, akavuta uzi. Nge akatoka mchangani, akasimama katikati ya upinde na mama, mkia juu. Mshale ukampiga yeye kifuani. Farasi alipouona ule mkia mbele ya miguu yake, akageuka akatimua mbio na askari mgongoni hadi mpakani. Mariamu akamwinua nge, akamchomoa mshale, akamwambia: "Ulisimama nyuma yangu, basi nyuma yangu utasimama daima. Na watoto wako utawabeba kama ninavyombeba wangu." Nge akajifungua siku hiyo. Watoto, badala ya kutawanyika, wakapanda mgongoni mmoja mmoja.

"Tazama juu, Aba," akamaliza Tasheri. "Bikira yuko mbele. Nyuma yake nge. Nyuma ya nge yule mwenye upinde, mshale kaelekeza kwenye moyo wa nge. Mafundi hawakukosea mpangilio."

Aba Kolutho akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mwenye upinde ulisema ni akida wa Kapernaumu."

"Nilikosea, Aba. Niliacha shule mapema. Ni askari wa Herode, na mpaka leo hajalenga sawasawa. Mwache watu wamcheke."

"Na Mathayo na mizani yake? Yuko katikati ya Bikira na nge. Anafanya nini pale?"

Tasheri hakupepesa. "Anaandika. Bila yeye nani angetuambia kwamba walikimbilia Misri?"

Shemasi Bisa akainua kichwa. Ni kweli, wainjilisti wengine hawakulisema jambo hilo. Hilo alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe, mwezi wa tatu, na wakati ule aliamini binti amelala.

Mkaguzi akaketi tena kwenye kigoda chake. Kisha akasema polepole, "Umekosea mahali pamoja."

Mama yule wa mlangoni akashika ukuta. Tasheri akafumba macho.

"Hakuwa nge mmoja," akasema Aba Kolutho. "Bibi yangu alituambia walikuwa saba."

Ilichukua muda kidogo kabla watu hawajaelewa kwamba dari imepona. Kisha Shemasi Bisa akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mlango ukabomoka kwa watu walioingia, na Tasheri, aliyerudi nyuma kuwapisha, akajikuta amekaa sakafuni na makalio yake ndani ya beseni la maji. Mwanga ulioruka kutoka beseni ukatawanyika dari nzima, ukagusa buruji zote kumi na mbili mara moja. Aba Kolutho alicheka hadi nyusi zikamshuka. Fundi Horsiesi akaomba chokaa, akauziba ule ufa, akaacha tundu dogo la mlango kwa ajili ya mama nge.

Mwaka ule mwanga ulipomfikia nge, Pashnai walipanda ngano, ikaota. Tasheri naye akarudi darasani. Msishangae sana, alikaa wiki mbili.

Na tangu siku ile ya matetini nge haachi watoto wake mchangani. Wakizaliwa tu hupanda mgongoni kwake, weupe, wameshikana, akatembea nao mpaka wapate nguvu. Na mkitoka nje kukiwa na anga safi, mtazameni juu. Bikira hutangulia, Mathayo kwa mizani yake humfuata, kisha nge, mkia juu, na kifuani ile nyota nyekundu, mahali mshale ulipoingia. Nyuma yake askari wa Herode bado kavuta upinde. Kila mwaka huzunguka anga nzima akimfukuza yule mama, na kila mwaka hukuta nge kasimama njiani.