Anwani ya Sengondo

Hapo zamani zisizo mbali, mtandao ulipokuwa umekwisha kuingia majumbani, Tanga ilikuwa na dereva aliyeitwa Sengondo. Mwaka wa mafuriko aliwavusha salama abiria wake wote, na tajiri wake, Bwana Mbaruku, akayapa mabasi yake jina hilo kwa heshima. Jina likaenea barabara zote.

Sengondo alifariki bintiye Mwanamkuu akiwa safarini, na habari ikamfikia watu wamekwisha kuzika. Akalisajili jina la babake kuwa anwani ya tovuti. Hakuuza kitu, aliandika tanzia: nani amefariki, anazikwa wapi, saa ngapi. Watoto walio mbali wakawahi kuwazika wazazi wao.

Kisha akafiwa na mume. Akakaa eda, simu akaiweka kando, na humo humo muda wa anwani ukaisha bila kulipiwa tena. Lukindo, fundi wa kompyuta wa Bwana Mbaruku, akaona jina limebaki wazi. Akalisajili kwake kabla mgeni hajalinyakua, akaziandika tanzia yeye mwenyewe, moja baada ya moja, miezi minne.

Eda ilipoisha, watatu hao wakasimama mbele ya msuluhishi, kila mmoja akilidai jina.

"Jina ni la baba yangu," alisema Mwanamkuu. "Nililiacha kwa msiba, sikulichoka."

"Mwanangu, babako nilimpenda," alijibu Bwana Mbaruku. "Lakini ni nani aliyelifikisha jina hilo hadi Bukoba? Abiria wangu wanatafuta tiketi, wanakuta maiti!"

"Na wafiwa wakitafuta maziko, mzee wangu, wakute tiketi?"

Bwana Mbaruku akacheka asipende, akamgeukia fundi. "Nawe Lukindo, unakula kwangu, jina unatia mfukoni?"

"Tajiri, ningelisajili kwako, tanzia zingekoma. Ningemngoja dada, jina lingepotea. Nimelitunza lilipokosa mtunzaji, niachieni nilitunze."

Mara simu ya Lukindo ikalia: bibi mmoja amefariki Pangani, anazikwa saa kumi alasiri. Lukindo akampa Mwanamkuu simu. Mwanamkuu akaandika upesi, akimkumbuka babake. Bwana Mbaruku akaagiza basi la Pangani lisiondoke mpaka wafiwa wapande.

Msuluhishi akabaki ameinua kalamu, maana jina moja humilikiwa na mmoja. Nanyi mliosikia, lau kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwenu, je, mngemwandika nani?