Kidato cha Juu

Watu wengi hudhani maradhi ni ya mwili tu. Chuma nacho huugua, tena kimyakimya, huku kwa nje kinang'aa kama kioo.

Asubuhi ile, ngazi ya shule ya chekechea ilikuwa imeegemezwa ukutani mwa karakana, vidato vyote vimeshaungwa. Kesho yake watoto wangeanza kuipanda. Mdogo wake fundi mwenye karakana alikuwa ameshashika brashi, kwa maana katika karakana ile kazi ilipakwa rangi mara tu ilipopoa. Ndivyo walivyorithi kwa babu.

Binti wa fundi, aliyetoka kuhitimu ukaguzi wa vyuma chuoni, alisogea na makopo yake mawili ya dawa ya kupimia.

"Baba, kabla haijapakwa rangi, naomba niipime," alisema kwa sauti ndogo, kama mgeni anayeomba maji.

Baba yake mdogo akacheka. "Mwanangu, ngazi haina homa. Utapima nini?"

"Mwache," baba akasema. "Hatukumpeleka chuo akajifunze kunyamaza."

Binti alisafisha maungio, akayapaka dawa nyekundu, akasubiri, kisha akaifuta hadi chuma kikatakata. Juu yake akapuliza dawa nyeupe iliyokauka kama chaki. Penye ufa, alieleza, wekundu uliojificha ndani utapanda juu wenyewe.

Vidato vya chini vilibaki vyeupe. Kwenye kidato cha juu kabisa ukachomoza mstari mwembamba kama unywele, ukakolea kama jeraha bichi. Binti akainama kuutazama karibu. Hii ilikuwa kazi ya baba yake, fundi aliyesifiwa mtaa mzima.

"Futa," baba mdogo alinong'ona. "Mkwaruzo tu huo, rangi itaufunika. Unataka kumvua baba yako nguo mbele za watu?"

Kitambaa hakukigusa. "Baba mdogo, watapanda watoto hapa."

Baba alisogea karibu. Alichukua nyundo, akapiga mara moja, kidato kikalia. Alipopiga tena, kikakatika na kuanguka sakafuni kwa kishindo.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Hicho nilikiunga mimi. Vijiti vya kuchomelea vililowa mvua, nikavianika tu na kuvitumia vikiwa bado na unyevu, nikanyamaza."

"Basi leta vikavu, ndugu yangu. Tuanze upya."

Mwalimu mkuu alipokuja alasiri, aliikuta ngazi imeungwa na kupimwa upya, nyeupe kwa dawa juu hadi chini, bila hata alama moja nyekundu. "Mbona bado hamjaipaka rangi?" aliuliza.

"Siku hizi rangi ni ya mwisho," baba alijibu, mkono wake ukiwa begani mwa bintiye, kifua mbele. "Hapa kazi haipakwi mpaka mkaguzi wetu aseme ndiyo."

Binti alitazama viatu vyake, akatabasamu.

"Na mimi ndiye mbeba makopo yake," baba mdogo akadakia.

Kidato kile kilichovunjika alikitundika yeye mwenyewe mlangoni pa karakana. Mteja akiuliza ni cha nini, humjibu bila kupepesa macho: mficha maradhi, kifo humuumbua.