Mgongo Hausalimiwi

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, kama ya waliokula wakavimbiwa? Wakubwa nao waitikie, msiwaachie watoto kazi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, ukiitwa Kijitoni. Mji ulikuwa na baraza la madiwani, na madiwani walikuwa wakubwa wa mwili. Mji ulikuwa na watumishi, na watumishi walikuwa wadogo wa mwili. Madiwani waliamua, watumishi walifanya. Katikati yao alikuwepo katibu wa baraza, Bi Kakakuona, mwenye magamba mgongoni na wasiwasi kifuani. Akiogopa kidogo, alijikunja nusu. Akiogopa sana, alijikunja akawa duara, ukamtafuta uso usiuone.

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kuogopa. Kijito kilichoupa mji jina kilikuwa kikipungua. Mwaka wa kwanza maji yalifika magotini. Mwaka wa pili yakashuka vifundoni. Mwaka wa tatu ulikinga kibuyu asubuhi, ukarudi adhuhuri, nacho hakijajaa. Wenyeji wakaanza kunong'ona kwamba kiangazi kikija watahama. Kuhama si neno kwa mwenye miguu. Lakini mama yake Bi Kakakuona alikuwa mkongwe, hatembei, na binti yake hakuwa na mgongo wa kumbeba. Mji ukihama, mama atabaki. Hilo ndilo lililomkosesha katibu raha.

Tegemeo lake lilikuwa moja tu, Kikao cha Malengo. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, madiwani na watumishi walitoka mjini, wakaenda mbali na kelele, wakae pamoja kutwa nzima, wapange mji utafanya nini mwaka ujao. Hiyo ndiyo ilikuwa nia. Sasa sikilizeni kilichokuwa kikifanyika.

Anasimama Mwenyekiti wa baraza, Mheshimiwa Kiboko. Anakohoa, kho, kho. Anawasalimu madiwani mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo. Anawasalimu watumishi, kundi kwa kundi. Kisha anasema, "Na kama nimemsahau yeyote, aniwie radhi." Kumbe yupo aliyesahauliwa, na amenuna. Basi salamu zinaanza upya. Akiketi Kiboko, anasimama Mheshimiwa Korongo, diwani mwenye shingo ndefu na maneno marefu kuishinda shingo. Naye anasalimu, kwa jina na kwa ukoo, na kama amemsahau yeyote, amwie radhi. Akiketi Korongo, anasimama mwingine. Jua linapanda, salamu. Jua linashuka, salamu. Jua linazama, chakula kinaletwa, wanakula, wanarudi nyumbani wakisifu kwamba kikao kimefana. Na malengo je? Malengo mwakani. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa hivyo hivyo.

Msicheke sana. Nawajua wa hapa hapa wenye tabia hiyo, na wengine wamekaa mbele yangu.

Bi Kakakuona akaapa kwamba safari hii kikao kitazaa kitu. Akajifungia siku saba kukiandaa. Siku ya kwanza akapanga nani akae karibu na nani. Siku ya pili akapangua, maana Korongo alilalamika kwamba yuko mbali na Mwenyekiti kwa hatua mbili nzima. Siku ya tatu akapanga upya. Siku ya nne akaandika zamu za kusema, mkubwa kwanza, mdogo mwisho, kama ilivyokuwa desturi. Siku ya tano akaandika orodha ya salamu, asisahauliwe mtu. Siku ya sita akaihakiki orodha. Siku ya saba akapumua, akamwambia mama yake kwamba safari hii hakuna litakaloharibika.

Siku ikafika. Wakatoka, wakubwa mbele, wadogo nyuma, vumbi tifu, tifu, tifu, mpaka kwenye kivuli kikubwa kando ya ziwa, pale walipokaa kila mwaka. Wakakuta ngoma. Heroe, wale ndege wekundu wa ziwani, walikuwa wakiozeshana, wamejaa pwaa, mahali pote pekundu, hapana hata pa kuweka mguu. Kenge, mlinzi wa pale, akamjia katibu taratibu.

"Bi Katibu, nyinyi mlileta habari lini kwamba mnakuja?"

Hapo Bi Kakakuona akakumbuka. Siku saba alihangaika na viti na zamu na salamu, na mlinzi wa mahali hakumpelekea habari. Akajikunja ndi, akawa duara katikati ya njia.

Baraza zima likasimama juani. Kiboko akaliuliza lile duara wakae wapi. Korongo akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba aliyeshindwa kutafuta kivuli atawezaje kutafuta malengo. Bi Kakakuona aliyasikia yote humo ndani ya magamba. Akilini alimwona mama yake amebaki peke yake katika mji mtupu, akatamani ardhi immeze.

Ndipo akaja Fuko. Huyu alikuwa mtumishi wa mitaro, mdogo kuliko wote, macho yake hayaoni vizuri, na hajawahi kusikika kikaoni. Akaliinamia lile duara. Akamwambia kwa upole kwamba juu, kwenye chemchemi ya kijito, pana uwanja. Njia yake ni nyembamba, lakini yeye huipita kila siku.

"Inuka, dada," akasema. "Mimi natangulia."

Bi Kakakuona akainuka. Hakuinuka kwa ushujaa, aliinuka kwa kukosa la kufanya.

Njia ilipita kwenye matete, huku ukuta, huku ukuta, mmoja nyuma ya mwingine. Fuko mbele. Nyuma yake katibu. Nyuma ya katibu Kiboko, amebanwa mbavu zote mbili. Nyuma ya Kiboko akaja Korongo, kisha wengine. Orodha ya viti haikufaa kitu humo.

Walipokwenda kidogo, Kiboko akaona mkutano ni mkutano. Akakohoa, kho, kho. Akafungua kinywa asalimu. Mbele yake akaona mgongo, na mbele ya mgongo, mgongo. Na katika mji ule kulikuwa na mwiko mkubwa. Mgongo hausalimiwi. Kumsalimu mwenzako mgongoni ni kumwambia kwamba hana uso. Kiboko akafunga kinywa. Korongo naye akafungua mdomo, akaufunga, kwap. Basi hakuna aliyeweza kumsalimu yeyote. Wakaenda kimya, matete tu yakisema cha, cha, cha.

Katika kimya kile kikatoka kisauti huko mbele.

"Mheshimiwa, kijito hakikauki," alisema Fuko bila kugeuka. "Kimeziba. Jiwe liliporomoka likakaa kwenye mdomo wa chemchemi, mchanga na mizizi vikalishika. Nachimba pembeni mwaka wa tatu sasa. Jiwe limenishinda."

"Mwaka wa tatu," alisema Kiboko. "Na siku zote hizo hukusema?"

"Zamu yangu ni ya mwisho, Mheshimiwa. Kila mwaka inanifikia jua limeshazama."

Bi Kakakuona aliona aibu mpaka kwenye kucha, maana zamu zile alizipanga yeye, kwa mwandiko mzuri. Alitaka kujikunja. Lakini hapakuwa na pa kujikunjia, Kiboko angemkanyaga. Ikambidi aende, na akiwa anakwenda akasema, akiuambia mgongo wa Fuko, ili na wa nyuma wasikie:

"Kosa ni langu. Zamu nilizipanga mimi."

Kiboko akajibu nyuma yake. "Ni letu sote, Bi Katibu. Tembea."

Wakafika. Uwanja wenyewe ulikuwa tope, hapana pa kukaa mheshimiwa wala asiye mheshimiwa. Na jiwe lilikuwepo, kama alivyosema Fuko. Kiboko hakuuliza zamu ni ya nani, akaweka bega. Korongo akaingiza mdomo wake mrefu, akavuta mizizi, ng'wi, ng'wi. Fuko akachimba huku. Bi Kakakuona akatazama kucha zake, kucha za kufukulia vichuguu, ambazo tangu apewe ukatibu zilishika kalamu tu. Akachimba kule. Watumishi wengine wakazoa mchanga. Jiwe likatikisika. Likagoma. Wakasukuma tena. Likatikisika, likabingirika, na Kiboko akaenda nalo, chubwi!

Kwanza yakatoka matone, chururu. Kisha maji yakabubujika, bubu, bubu, bubu, yakamfunika Mwenyekiti mpaka masikioni. Wote wakamtazama wasijue wacheke au walie. Akacheka yeye kwanza. Bi Kakakuona akakaa chini katikati ya maji, akahisi kifua kimefunguka baada ya miaka mitatu, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

Korongo akakumbusha kwamba bado hawajaandika lengo lolote. Wakatazamana. Wakaandika moja, kisha papo hapo wakaandika kwamba limetimia. Fuko akaulizwa ana jingine, akasema analo, na siku hiyo wakamsikiliza mpaka akachoka mwenyewe.

Waliporudi, maji yalikuwa yametangulia. Bi Kakakuona alimkuta mama yake amekaa mlangoni, ukingoni pa kijito, miguu yake mikongwe ndani ya maji, anayachezea kwa vidole.

"Mwanangu, kikao mmekiendea wapi mwaka huu?"

"Tumekosa pa kukaa, mama."

"Alhamdulillahi," akasema bibi kizee. "Na mwakani mkose tena."

Wasikilizaji wangu, fundisho ni hili. Salamu ni adabu, nani anakataa? Lakini kupanga si kupanga viti. Mjuzi wa shida ni yule anayeishika kwa mikono yake kila siku, basi msikilizeni kabla jua halijazama.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.